Barua ya wazi kwa wasimamizi wa petanki Lubumbashi: mtulinde pia dhidi ya wenzetu wa timu

Ba papa na ba mama wa kamati, nanyi mnaotupangia michuano ya Jumapili,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwalimu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikicheza petanki, mchezo wetu wa kutupa matufe ya chuma, katika tripleti, yaani timu ya watu watatu. Kazi yangu kwenye timu ni kusogeza: natupa kwanza, natafuta kulaza tufe karibu na koshone, kile kitufe kidogo tunachokilenga. Sina cheo chochote katika klabu. Tangu mwezi wa saba nimengoja mwenye kiti kwenye kamati aliseme jambo hili la wachezaji kutukanwa na wenzao wa timu, nimeona kimya, basi nimeshika kalamu mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, ardhi imekauka kama tofali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tulikuwa tunaongoza 12 kwa 11, na mchezo, kama mjuavyo, unaisha kwa 13. Wapinzani walikuwa wamemaliza matufe yao na pointi ilikuwa yao, maana tufe lao ndilo lililokuwa karibu zaidi na koshone. Kwetu lilibaki tufe moja tu, mkononi mwa mzee wetu, mstaafu wa reli, ndiye aliyenifundisha kushika tufe kiganja kikiangalia chini. Koshone ilikuwa mbali, karibu mita 9. Mzee akatupa. Tufe likaangukia kijiwe, likakwama hatua mbili kabla ya kufika.

Ikawa 12 kwa 12. Hatukuwa tumeshindwa bado. Lakini mwenzetu wa tatu, mpigaji wetu, yule anayegonga matufe ya wapinzani kuyaondoa, alitoka kule kwenye koshone akija kwa sauti: "Muzee, njo nini ile? Enda ukalale!" Kisha akasema neno kuhusu mkono wa mzee unaotetemeka. Kisha, watu wote wakisikia, akasema neno kuhusu kule alikotoka baba yake mzee kuja mji huu. Hilo sitaliandika hapa. Mnaoishi Lubumbashi mnaweza kulikisia.

Wapinzani wetu waliangalia chini. Mzee hakujibu. Awamu iliyofuata alitupa matufe yake mawili harakaharaka, bila kuchuchumaa kama kawaida yake, tukafungwa. Alipangusa kila tufe kwa kitambaa chake, akayatia kwenye mfuko, akawapa mkono wapinzani wote watatu, akanipa na mimi. Hajarudi kiwanjani tangu siku hiyo. Nami niliyekuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote sikufungua mdomo. Hilo linaniuma kuliko yote. Barua hii ni deni langu kwake.

Baada ya hapo nilikaa nikasoma kanuni, zile za shirikisho la kimataifa lililoanzishwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1958, ambazo nasi tunazifuata. Nilitaka kujua kama kuna mahali zinapomlinda mtu kama mzee wetu. Nikakuta zinatulinda vizuri sana, ila kutoka upande mmoja. Mchezaji ana dakika moja ya kutupa, na ndani ya dakika hiyo wachezaji na watazamaji wote wanatakiwa wanyamaze kabisa. Mpinzani haruhusiwi kutembea, kupunga mikono wala kufanya lolote la kumsumbua anayetupa. Anatakiwa akae ng'ambo ya koshone au nyuma ya mtupaji, tena pembeni, tena si chini ya mita 2. Ni wenzake peke yao wanaoruhusiwa kusimama kati ya koshone na duara tunamosimama kutupa.

Hapo nilisimama kusoma. Kanuni imemfukuza kila mtu kutoka mbele ya macho yangu, imemwacha mwenzangu peke yake. Imemwamini. Kimya kile kinaisha tufe linaposimama, na ni wakati huohuo maneno yanapoanza, na anayeyasema ni yuleyule aliyeaminiwa kusimama pale. Katika miaka yangu yote tisa sijawahi kuumizwa na mpinzani. Machozi niliyoyaona kwenye viwanja vyetu, na nimeyaona, hata ya wanaume wazima, yote yalitoka ndani ya timu.

Niseme kidogo kazi ya yule anayesimama pale, kwa sababu naona wengi wetu tumeisahau. Petanki inachezwa mahali pa kuangukia. Kabla sijatupa sitazami koshone, natazama kile kipande cha udongo, kikubwa kama sahani, ambacho tufe langu litakigusa kwanza. Kutoka kwenye duara, mita 7 au 8 nyuma, siwezi kuona kama pana mchanga laini, mzizi wa mwembe au mteremko mdogo. Mwenzangu aliye mbele anauona. Anachutama, ananyoosha kidole: "Yaya, hapa." Akiona shimo lililochimbwa na tufe lililotangulia, kanuni inamruhusu alifukie, yeye au mimi. Mtu mzima anainama, anasawazisha udongo kwa mkono ili tufe la mwenzake lipite salama. Mimi sijui mchezo mwingine wenye ibara kama hiyo. Nikimwona mwenzangu anafukia shimo kwa ajili yangu, mkono wangu unatulia kabla hata sijashika tufe.

Na akishaanza kulalamika, mkono unafanya nini? Kila msogezaji anajua. Ukikemewa kwa tufe refu, linalofuata unalibana, linakuwa fupi. Ukikemewa kwa fupi, unasukuma. Mpigaji akiambiwa "tena umekosa", anaanza kulenga kwa woga, anaachia mkono ukiwa bado haujafika juu. Tufe lina uzito wa kati ya gramu 650 na 800, si kitu kwa kijana. Lakini tripleti moja ndefu inadai kutupa mara 20 na zaidi, na mzee wa miaka sabini na kitu anahitaji nguvu zake zote ziende kwenye tufe. Akitumia nusu yake kujikaza asiaibike, zitabaki kiasi gani?

Kuna jambo lingine ambalo wanaokemea hawalifikirii, na hili ni la ufundi, si la tabia. Tufe fupi siyo lazima liwe tufe baya. Wachezaji wa Ufaransa wana msemo kwamba tufe la mbele ni tufe la pesa, na wana sababu. Lililokwama mbele ya koshone linaziba njia. Mpinzani akitaka kupita chini analigonga, wakati mwingine analisukuma lenyewe hadi kwenye pointi. Vilevile lililopita nyuma, ambalo mtu amelitukania, linangoja tu koshone ipigwe irudi nyuma. Nimewahi kuona awamu ikigeuka kutoka kupoteza pointi 2 hadi kupata 4 kwa sababu ya matufe mawili yaliyokuwa yamezomewa. Ni kweli, siku ile tufe la mzee lilikuwa la mwisho, halikuwa na la kungoja. Lakini yule ndugu alikuwa amemzomea tangu awamu ya tatu, tena kwa matufe ambayo baadaye yalitufaa.

Ba papa, mnajua mchezo huu ulizaliwaje. Inasimuliwa kwamba mwaka 1907, kule La Ciotat karibu na Marseille, kulikuwa na mchezaji mashuhuri wa tufe za Provence, Jules Lenoir, ambaye baridi yabisi ilimshika viungo asiweze tena kupiga zile hatua za mbio kabla ya kutupa. Alibaki kukaa kwenye kiti akitazama wenzake. Rafiki yake Ernest Pitiot hakumwambia akalale. Alifupisha uwanja, akaweka sharti kwamba wote watupe wakiwa wamesimama, miguu imegandamana ndani ya duara. Neno petanki lenyewe linatokana na hiyo miguu iliyogandamana. Mashindano ya kwanza ya mchezo huo mpya yalifanyika 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Kwa hiyo kila tunapochora duara tunarudia tendo la mtu mmoja aliyebadilisha kanuni ili mwenzake mgonjwa asibaki nje. Sisi, kwenye mchezo huohuo, tumemtoa nje mzee kwa sababu mkono wake unatetemeka. Nilipolifikiria hilo usiku, sikulala.

Sasa nije kwenye lile neno la tatu, la asili. Najua baadhi yenu mtataka nilipite. Siwezi. Mji huu ulijengwa na watu walioletwa na migodi na reli kutoka kila upande: Kasai, Maniema, Luapula, Rwanda, na wenyeji wa hapahapa. Waliokutana kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya migodi, walilazimika kupata lugha moja ya kuelewana, ndiyo hii ninayowaandikia. Na mji huu unajua matusi ya asili yalitufikisha wapi mwaka 1992 na 1993. Watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa wakati ule, wakaondoka na vitanda vyao juu ya mabehewa, hawakuwa wageni. Walikuwa majirani, walimu, makarani, wachezaji. Neno linalotupwa kiwanjani "kwa hasira ya mchezo" ni lilelile la wakati ule. Kosa la mkono likigeuzwa kuwa kosa la ukoo, hiyo si petanki tena, na kamati inayosikia ikaendelea kuandika matokeo kwenye daftari imeshiriki. Nasema hivyo kwa heshima, na bila kulipunguza.

Nisikilizeni pia upande wa pili, maana sipendi kumhukumu mtu kwa siku moja. Mpigaji wetu si mtu mbaya. Mwalimu mwenzangu wa zamu shuleni alipofiwa, yeye ndiye aliyetafuta gari. Kwenye timu amebeba kazi ngumu kuliko zote: msogezaji akikosa kidogo, tufe linabaki linafaa, mpigaji akikosa, amekosa, kila mtu ameona, vumbi limeruka mahali pasipo kitu. Anaishi na hukumu hiyo kila Jumapili. Na siku ile kulikuwa na kasha la bia lililowekwa kama dau, na yeye ndiye aliyetoa pesa yetu sote tukiwa hatuna. Alipoona tufe la mzee linakwama, aliona pia pesa yake inakwenda. Hiyo haimsafishi. Lakini inaonyesha kwamba moto mwingine tunauwasha sisi wenyewe kabla ya tufe la kwanza.

Wapo wanaosema bila ukali mtu hajifunzi. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kusahihisha watu. Namsahihisha mtoto akishamaliza kuandika, simvuti kiwiko akiwa na kalamu mkononi, wala simsomei makosa yake dirishani ili mtaa usikie. Yule mzee alinirekebisha mimi mwaka mzima. Alinivuta pembeni baada ya mechi, akanipa matufe matatu, akasema: "Sasa tupa tena, taratibu." Kwenye mchezo wenyewe alikuwa na maneno mawili tu, "iko muzuri" na "bado liko lingine". Nilijifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza kwa wote waliowahi kunipigia kelele.

Na lipo la kuchelewa, nitaligusa tu. Kanuni inaruhusu timu ianze bila mwenzao aliyekosekana, ila haitumii matufe yake. Ndugu akibaki kitandani bila kupiga simu, wawili wanaingia na matufe 4 dhidi ya 6. Hao nao wametukanwa, hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Haya ndiyo ninayoyaomba kwenu.

Kwanza, muwaandikie waamuzi wenu, na muwaambie waziwazi mbele yetu, kwamba tusi kwa mwenzako wa timu linahesabiwa sawasawa na tusi kwa mpinzani. Hamna haja ya kutunga sheria mpya. Ibara ya nidhamu katika kanuni za kimataifa inapozungumzia ukorofi inamtaja kiongozi, mwamuzi, mtazamaji na mchezaji mwingine. Haikuandika "mchezaji wa upande wa pili". Mwenzangu naye ni mchezaji mwingine. Kadi ya njano ipo, imekaa mfukoni. Na kwa tusi la asili naomba msitoe kadi ya njano, mtoe mtu nje siku hiyohiyo, hata kama ni mpigaji bora wa mji, hata kama fainali inangoja. Mkifanya hivyo mara moja tu, habari itafika viwanja vyote kabla ya jioni.

Pili, dau liondolewe siku za ligi. Anayetaka kucheza kwa bia ana Jumamosi yake. Ligi yetu ni ya burudani, ina kombe dogo na chakula cha pamoja mwisho wa msimu, bukari na samaki, hiyo inatosha.

Tatu, na hili nalipenda kuliko mengine: mara moja kwa mwezi timu zipangwe kwa kura. Kila mtu aandike jina lake kwenye karatasi, zitiwe kwenye kofia, mtoto achote majina matatu matatu. Mpigaji wetu acheze siku moja na mama aliyeanza juzi ambaye bado anafunga macho akitupa. Nami nicheze na wale ninaowaogopa. Tumekaa miaka na wenzetu walewale hadi tumejipa haki ya kuwasemea chochote. Tukichanganywa, kila mmoja atakumbuka jinsi anavyoongea na mtu asiyemzoea, na huenda akarudi na lugha hiyo kwa watu wake. Hasa ba mama wapya wangefaidika. Nimehesabu wanne walioingia mwaka jana kwenye klabu yetu, amebaki mmoja. Hakuna aliyewauliza walioondoka kwa nini. Mimi niliwauliza. Wote watatu walitaja mwenzao wa timu.

Nne, jambo dogo. Mechi ikiisha tunawapa mkono wapinzani, ni vizuri, tuendelee. Lakini angalieni Jumapili ijayo: timu iliyofungwa inawapa mkono wapinzani, kisha kila mmoja anageuka upande wake, anaokota mfuko wake, hawatazamani. Naomba mwamuzi asisaini karatasi ya matokeo mpaka watatu hao wamepeana mkono wao kwa wao. Mtaniambia ni utoto. Wafaransa wana desturi yao ya Fanny kwa timu iliyofungwa 13 kwa 0, ni ya utani na mimi siipendi sana, lakini ina jambo moja: wote watatu wanapiga magoti pamoja mbele ya picha ya huyo mwanamke Fanny. Hakuna anayeuliza ni nani aliyekosa.

La mwisho si la kanuni. Kamati iende kwa mzee. Si mimi peke yangu, nimeshakwenda mara mbili. Alinipokea vizuri, tukanywa munkoyo, tukaongea mambo ya shule na bei ya unga, na kila nilipotaja kiwanja alibadilisha maneno. Mkienda watu watatu wa kamati na mpigaji wetu akiwa nanyi, itakuwa kitu kingine. Nimezungumza na mpigaji. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema yuko tayari kwenda, ila peke yake hawezi, anaona aibu. Naamini anasema kweli. Kwetu mtu aliyemkosea mkubwa haendi peke yake, anasindikizwa na wakubwa wenzake, na ninyi ndio wakubwa wetu.

Mvua zitaanza hivi karibuni na ardhi italainika, matufe yataacha kuruka ovyo. Mzee alikuwa akiupenda udongo wa mwezi wa kumi na moja kuliko wote, alisema unasikiliza. Msimu mpya mmeupanga kuanza Jumapili ya kwanza ya mwezi huo. Nafasi ya tatu kwenye karatasi ya timu yetu nimeiacha bila jina, na karani wenu ameniambia anaweza kuningoja mpaka Ijumaa ya wiki hiyo.

Mchezaji wenu, msogezaji